Boma si kifupisho cha Mwingereza

SWALI: Katika kitabu cha historia ya Afrika Kusini nimekuta neno la Kiholanzi "kraal", zizi la mifugo. Limetoka wapi? Tena nimeambiwa kwamba "boma" letu ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza. Ni kweli? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Kraal Waholanzi walilichukua kwa Wareno, wanaoliita zizi "curral". Ndugu yake wa Kihispania, "corral", alivuka bahari hadi Amerika. Walowezi wa Kiholanzi waliotia nanga Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, mwaka 1652 waliliita zizi la ng'ombe "kraal", na makazi ya Wakhoikhoi, wafugaji wenyeji wa huko, nayo wakayaita vivyo hivyo.

Sasa hilo la pili. Hapana, si kweli, na nimechoka kulisikia. Kuna waongozaji wa watalii wanaosimama mbele ya boma la Mjerumani na kueleza, bila kusita, kwamba herufi B, O, M na A zinasimamia utawala wa Uingereza ng'ambo. Mbele ya boma la Mjerumani! Mwingereza aliitwaa Tanganyika katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na Wajerumani walikuwa wameshaziita ofisi zao maboma. Walikipata wapi kifupisho cha Kiingereza? Stanley naye, aliyepita Unyamwezi mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliandika "boma" kwa maana ya ua wa kijiji, wakati bara hakukuwa na ofisi hata moja ya Mwingereza.

Litazame neno lenyewe linavyoishi. Jioni, ng'ombe wakishaingia, mfugaji hulivuta tawi la mgunga kwa shina lake, miiba ikabaki nje, mlango ukazibika. Hilo ni boma. Ngome ya mtemi iliyozungushiwa magogo ni boma. Mkoloni alipojenga ofisi yenye kuta nene, watu waliona ngome, wakaiita boma. Leo zahanati iliyosimama kuta ikisubiri bati ni boma, na kila bajeti inaomba fedha za kumalizia maboma. Kumpa Mwingereza neno hili ni kuwapokonya wazee wetu kazi ya mikono yao na ya ndimi zao, na sikubali.

Ukifasiri "kraal", basi, tazama waliomo ndani. Wakiwa mifugo peke yao, andika zizi. Wakiwa watu na ng'ombe wao ndani ya ua mmoja, andika boma.