Vitabu vya afya, historia ya tiba na vya kuchekesha: jibu langu kwa aliyeuliza asome nini

Mdogo wangu uliyeuliza, umesema upo mwaka wa pili chuo cha utabibu, kichwa kimejaa anatomia na famakolojia, unataka vitabu vya kusoma pembeni, vya huduma ya afya, vya historia ya tiba na kama vipo vya kuchekesha vinavyohusu mambo ya hospitali. Wadau hapo juu wamekutajia vitabu vikubwa vya kozi, sawa, ila hivyo utavisoma utake usitake maana vina mtihani. Mimi ni muuguzi mkunga, nilianzia zahanati ya kijijini nikaenda kituo cha afya na sasa nipo wodi ya wazazi, zamu za usiku kukitulia huwa nasoma, kwahiyo ntakujibu kwa vile nilivyovisoma mwenyewe. Na ushauri wangu mkubwa ni mmoja, anza na vya kuchekesha. Usiviweke mwisho ukavifanya vya kupotezea muda. Hadithi nzuri ya kuchekesha kuhusu tiba inakuonyesha mgonjwa anasikia nini wewe ukiongea, na hilo kwenye kitabu cha kozi hulikuti.

Cha kwanza kabisa tafuta A Country Doctor's Notebook cha Mikhail Bulgakov. Huyu alikuwa daktari kweli kweli, alihitimu Kiev mwaka 1916 akapelekwa hospitali ya kijijini mkoa wa Smolensk huko Urusi, daktari pekee, theluji mpaka dirishani, barabara hamna, mkubwa wa kumuuliza hamna. Hadithi zenyewe alizitoa miaka ya 1920 kwenye gazeti la wafanyakazi wa afya. Kuna moja analetewa mama mjamzito mtoto kalala kwa kukingama, inabidi amgeuze, na hajawahi kugeuza mtoto maishani mwake. Anawaambia manesi anafata sigara nyumbani mara moja, kumbe anakimbia kufungua kitabu cha ukunga cha Döderlein, anasoma kurasa kwa pupa na kila anavyosoma ndo anazidi kuchanganyikiwa. Anarudi leba, wakati ananawa mikono mkunga wake Anna Nikolaevna anamsimulia taratibu jinsi daktari aliyemtangulia alivyokuwa akifanya, maneno machache tu, na ni hayo yanayomvusha. Mama anapona, mtoto anapona. Baadaye usiku anafungua tena kile kitabu na sasa kila kitu kinaeleweka. Mimi ni mkunga, nimewahi kusimama pembeni ya daktari mgeni ambaye macho yanamtoka, kwahiyo ile hadithi naijua ilivyo hata harufu yake. Mtu yeyote anayekwenda kuanza kazi kijijini aisome, na asione aibu kumsikiliza mkunga wa miaka mingi.

Hadithi nyingine humo ndani ndo ya kuchekesha zaidi. Ni siku ya kuzaliwa kwake, nje dhoruba ya theluji, wamekaa yeye na manesi na msaidizi wake wanasimuliana vituko vya wagonjwa: mtu kapewa plasta ya haradali abandike mgongoni akaibandika juu ya koti la ngozi ya kondoo, mwingine sijui wakunga wa mtaani wamemuwekea sukari ukeni mama aliyekuwa na uchungu ili mtoto avutwe na utamu atoke. Daktari anajiapiza kwamba yeye atapambana na ujinga huu. Mara anaingia msaga nafaka mmoja, mtu mstaarabu, anajieleza vizuri, homa inakuja na kuondoka, malaria hiyo. Daktari anafurahi, kapata mgonjwa mwelewa, anamwandikia kwinini paketi 10 za unga, ameze moja moja. Usiku wa manane anaitwa wodini, yule bwana kazimeza zote 10 kwa mkupuo. Kwanini? Kaona ya nini kuhangaika na moja moja, bora amalize kazi mara moja. Wakamuosha tumbo akapona.

Nilipoisoma hiyo nikamkumbuka mama mmoja kule zahanati, tulimpa dawa mseto ya malaria, vidonge 24 vya siku 3, siku ya pili homa imeshuka, vilivyobaki akavifunga vizuri kwenye pindo la khanga akamtunzia mwanae akija kuumwa. Na huyo mama hakuwa mjinga hata kidogo, kwa hesabu zake dawa ni ya kuondoa homa, homa imeondoka, kinachobaki ni akiba ya nyumbani. Ndo maana mimi mgonjwa simuulizi "umeelewa?" kwa sababu kila mtu atajibu ndiyo sista. Namuwekea vidonge mkononi, namwambia nionyeshe utakavyomeza leo jioni, kesho asubuhi, kesho jioni. Inachukua dakika mbili tatu, foleni nje inanung'unika, lakini fanya hivyo.

Cha pili, Three Men in a Boat cha Jerome K. Jerome, cha mwaka 1889, hiki si cha hospitali, ni safari ya jamaa watatu na mbwa kwenye mto Thames, ila mwanzo wake ni lazima usome. Jamaa anaenda maktaba ya British Museum kuangalia tiba ya kaugonjwa kadogo, anafungua kitabu cha magonjwa, anaanza kusoma dalili, anajikuta ana homa ya matumbo, anafungua ukurasa mwingine ana ugonjwa mwingine, anaanza herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, anayo yote isipokuwa uvimbe wa goti wanaoupata watumishi wa ndani kwa kupiga magoti wakisugua sakafu, na anasikitika kabisa kwanini huo umemruka. Anaenda kwa rafiki yake daktari, anaandikiwa cheti, anakipeleka duka la dawa, mwenye duka anakisoma anamrudishia. Kimeandikwa nyama nusu kilo hivi na bia kila masaa sita, kutembea maili 10 kila asubuhi, kulala saa 5 usiku kamili, na asijaze kichwa chake vitu asivyovielewa. Niliwahi kuwatafsiria wenzangu zamu ya usiku, chupa ya chai mezani, tukacheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini na ikabidi nianze upya. Sasa fikiria kimeandikwa kabla ya intaneti kwa miaka mia moja, na leo wajawazito wananijia kliniki wameshajisomea kwenye simu usiku kucha, wanatetemeka. Jerome kanifundisha kwamba ule woga ni wa kweli hata kama ugonjwa haupo, na mtu hatulii mpaka umpime, umshike mkono, umuandikie kitu.

Tamthilia pia usiziache. Molière wa Ufaransa aliandika moja mwaka 1666 kuhusu mkata kuni anayempiga mkewe, mke analipiza kwa kuwaambia watumishi wa tajiri kwamba huyu ni tabibu bingwa ila hakubali mpaka achapwe fimbo. Basi wanamchapa anakuwa daktari. Anasema moyo upo kulia na ini lipo kushoto, baba wa mgonjwa anashangaa, anamjibu kwamba zamani ilikuwa hivyo, siku hizi tumebadilisha. Hii imetafsiriwa kwa Kiswahili zamani sana, inaitwa Tabibu Asiyependa Utabibu, na kama chuoni kwenu kuna kikundi cha sanaa ichezeni, watu wa mtaani watacheka kuliko nyinyi kwa sababu matabibu wa aina hiyo wanawajua.

Vile vya Waingereza na Wamarekani, Doctor in the House cha Mwingereza Richard Gordon cha 1952, kinahusu wanafunzi wa udaktari, chepesi, utamaliza wikiendi moja. The House of God cha Mmarekani Samuel Shem cha 1978 watu wanakisifia sana, kina ile sheria maarufu kwamba moyo wa mgonjwa ukisimama mapigo ya kwanza kupima ni ya kwako wewe, hiyo ni nzuri na ina kazi kabisa. Lakini wanawake humo wameandikwa vibaya, manesi hasa, mimi kilinikera na sikupi kama kitabu cha kuanzia. Kisome ukishakuwa intani.

Sasa historia. Hapa ntakaa kidogo maana ndo naipenda. The Doctors' Plague cha Sherwin Nuland kinamhusu Semmelweis, daktari wa Hungaria aliyekuwa hospitali kuu ya Vienna. Hospitali ilikuwa na wodi mbili za kujifungulia, moja ya wanafunzi wa udaktari, nyingine ya wakunga. Kwa madaktari kina mama walikufa kwa homa ya uzazi wengi mno kuliko kwa wakunga, mpaka mama akipangiwa wodi ya madaktari anapiga magoti analia ahamishwe. Kina mama wenyewe walishajua, mdogo wangu, kabla ya maprofesa! Mwaka 1847 rafiki yake daktari Kolletschka alichomwa na kisu cha mwanafunzi wakati wa kuchunguza maiti akafa kwa dalili zile zile, Semmelweis akaunganisha: wanafunzi wanatoka kupasua maiti wanakuja kupima wazazi kwa mikono ile ile, wakunga wao hawapasui maiti. Akaamuru wanafunzi na madaktari wanawe mikono kwa maji yenye klorini. Aprili mwaka ule vifo vilikuwa zaidi ya 18 katika kila wazazi 100, Juni vikawa kama 2. Na bado wakubwa walimkatalia. Yeye naye alichelewa kuandika, kitabu alikitoa 1861, na waliompinga akawatukana kwenye barua za wazi, akaishia hospitali ya wagonjwa wa akili akafia huko 1865 ana miaka 47. Kinachoniuma ni miaka ile katikati na mama wangapi walikwenda. Kuna siku ntagombana na mtu kwa sababu ya ndoo ya maji ya kunawa leba, na nikigombana namuwaza yeye, najitahidi niongee kwa namna nitakayosikilizwa.

Kipindupindu, wengi watakutajia The Ghost Map cha Steven Johnson, kuhusu London 1854, daktari John Snow na bomba la maji la Broad Street na padri Henry Whitehead aliyezunguka nyumba kwa nyumba. Kizuri, soma. Ila ukimaliza tafuta cha kwetu, Cholera Epidemics in East Africa cha James Christie, 1876, tabibu wa Kiskoti aliyekuwa Zanzibar mlipuko wa 1869 na 1870 ulipoingia. Alikaa akauliza wafanyabiashara na mahujaji na watu wa misafara, akachora njia ugonjwa uliyopita, kutoka bara upande wa Wamasai mpaka Pangani kisha Unguja. Ni lugha ya mzungu wa enzi zile, usitegemee heshima kila ukurasa, lakini kufatilia mnyororo wa maambukizi alikofanya kwa kuongea na watu ndo kazi hiyo hiyo tunayofanya leo kukiwa na mlipuko.

Alafu East African Doctors cha John Iliffe, 1998. Kizito, usikisome kwa kukimbia. Kinaonyesha wahudumu na madaktari wa kwanza Waafrika wa Kenya, Uganda na Tanzania, hospitali ya Mulago na chuo cha Makerere huko Uganda, jinsi walivyofanya kazi ya daktari huku wakiitwa wasaidizi na kulipwa chini ya mzungu. Kama unasomea uafisa tabibu kitakugusa, maana mjadala wa nani daktari na nani siyo haukuanza jana.

The Immortal Life of Henrietta Lacks cha Rebecca Skloot nakipa nafasi ya pekee kwa sababu nafanya uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, kile kipimo cha siki. Henrietta alikuwa mama mweusi wa Marekani, alikufa kwa saratani hiyo Oktoba 1951 Baltimore ana miaka 31, seli zake zilichukuliwa bila kuulizwa zikaoteshwa maabara, mpaka leo zinaishi duniani kote na zimesaidia utafiti kibao, na familia yake ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kujua. Tangu nikisome maelezo ya ridhaa siyasomi kama risala, nakaa chini na mama tunaongea.

Kwenye huduma ya afya yenyewe nakupa viwili tu. The Checklist Manifesto cha Atul Gawande, 2009, kuhusu orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO, vipengele 19, unasimama kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kuchana na kabla mgonjwa hajatoka. Ilijaribiwa hospitali 8 duniani, Toronto, London, Seattle na kadhalika, na moja ni St. Francis pale Ifakara, Morogoro! Vifo kwa jumla vilishuka kutoka asilimia 1.5 mpaka 0.8. Kuna kipengele timu nzima inajitambulisha majina kabla ya kuanza, watu wengi wanakiona cha kitoto, ila nesi akishataja jina lake mbele ya daktari bingwa hata mdomo wa kusema "dokta subiri, hesabu ya pamba haijatimia" unafunguka. Nimeuona huo mdomo ukifunguka. Cha pili ni kile cha David Werner, Mahali Pasipo na Daktari, alikianza kwa wanavijiji wa milimani Mexico, kwa Kiswahili kipo, kina michoro, na ukitaka kujua namna ya kueleza kuharisha kwa mtoto bila kutumia neno moja gumu, angalia yeye anavyofanya.

Kuhusu kupata, Jerome na Molière hawana tena haki miliki, unashusha bure Project Gutenberg, Christie yupo kwenye maktaba za mtandaoni, Werner unampata kwenye tovuti ya Hesperian. Vingine waulize wauza vitabu vya mtumba pale Posta Dar, au mchange darasani mnunue kimoja kizunguke. Anza na Bulgakov, kisha Semmelweis, mengine yatajipanga. Na kama kuna mdau ana nakala ya karatasi ya Tabibu Asiyependa Utabibu anicheki inbox, naitafuta muda mrefu, nanunua na nauli ya kuituma kwa basi nalipa mimi.