Kukwangua, kukwaruza au kusafisha ukuta?

Swali: Fundi mmoja hapa Goma ameandika kwenye devi (karatasi ya makadirio ya kazi na gharama): "Kusafisha kuta, kisha kupakala rangi." Je, "kusafisha" inatosha kwa kazi ya kuandaa nyumba? Na "kupakala" ni Kiswahili sahihi?

Jibu: Haitoshi, na ugomvi mwingi wa fundi na mwenye nyumba huanzia hapo. Aliyefagia utando wa buibui amesafisha. Aliyeondoa rangi yote iliyobambuka naye amesafisha. Kiswahili kina kitenzi cha kila hatua, basi kiandikwe.

Kukwangua ni kuondoa kwa chuma bapa tabaka lililoachia ukuta. Kukwaruza ni kuacha mikwaruzo tu. Rangi ya mafuta inayong'aa na ambayo bado imeshika vizuri haina haja ya kukwanguliwa. Hukwaruzwa kwa msasa wa namba 120 hivi ili rangi mpya ipate pa kushika. Maneno haya mawili yakichanganywa, kuna hasara pande zote: ama fundi anapoteza siku nzima akiondoa kilichopaswa kubaki, ama anapaka juu ya maganda. Rangi mpya huyalowesha maganda hayo, na ikikauka hujivuta na kuyang'oa, hata kama ni ya bei ghali.

Kusugua ni kazi ya brashi na maji. Ndilo neno la madoa meusi ya kuvu, ambayo nyumba za kando ya ziwa huyajua sana: javeli (dawa ya maji ya klorini ya kung'arishia nguo) kipimo 1 kwa maji vipimo 3, iachwe dakika 15, ukuta usuguliwe, usuuzwe, ukauke kabisa. Kuvu kavu isikwanguliwe, maana vumbi lake husambaa chumba kizima. Na javeli isichanganywe kamwe na asidi wala dawa nyingine ya kusafishia. Hutoa hewa ya sumu.

Nyufa huzibwa, ila kwanza hupanuliwa kwa ncha ya chuma, la sivyo mastiki (lahamu ya kuzibia nyufa) hukaa juu juu na kudondoka. Kwa nyumba ya mbao, msasa hufuata nyuzi za ubao. Ukizikata, alama zitaonekana chini ya rangi.

Kupangusa huja mwisho: kitambaa chenye unyevu kidogo, kuondoa vumbi la msasa. Ni kitenzi kifupi kinachosahaulika mno, na bila hicho rangi hushika vumbi badala ya ukuta.

Kupakala ni neno letu la kila siku huku Kivu, wala si la kuonea haya. Kwenye hati itakayosomwa na mtu wa Dar es Salaam au Mombasa, andika kupaka. Ukuta ndio unaopakwa, kwa hiyo: "ukuta umepakwa rangi."

Devi iandikwe hivi: "Kukwangua rangi iliyobambuka, kusugua kuvu kwa javeli na kusuuza, kupanua nyufa na kuziba kwa mastiki, kupiga msasa, kupangusa vumbi, kisha kupaka kuta rangi mikono miwili, yaani matabaka mawili."