Wi-Fi ipo, intaneti haipo: jibu kwa mwalimu wa Mkunazini

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari na ninaishi Mkunazini, Unguja, katika nyumba ya mawe. Ruta yetu ipo ukumbini chini, ndani ya daka karibu na televisheni, na mimi hufanyia kazi chumba cha juu, upande wa nyuma. Kompyuta yangu mpakato ni ya zamani na betri yake imekufa, kwa hiyo inategemea umeme wa ukutani. Kwa wiki mbili sasa, kila umeme ukikatika na kurudi, kompyuta inaonesha kuwa imeunganishwa na Wi-Fi lakini hakuna intaneti, ilhali simu zetu zinapata kama kawaida. Fundi mmoja ameniambia ruta imekwisha, ninunue nyengine. Mwengine amesema mbovu ni kompyuta. Nimsikilize nani, na je, kuna jambo ninaloweza kulifanya mwenyewe?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, Mwalimu. Nakuomba usinunue kitu chochote kwanza, kwa sababu katika maelezo yako sioni kwamba yeyote kati ya mafundi hao wawili amepima. Kila mmoja amekisia, na makisio hayo gharama yake inakuangukia wewe.

Jambo la kulishika ni kuwa Wi-Fi na intaneti ni vitu viwili. Wi-Fi ni mawimbi ya redio yanayokwenda baina ya kompyuta yako na ruta, na kazi yake huishia hapo kwenye ruta. Kutoka kwenye ruta kuna safari ya pili hadi kwa mtoa huduma, na kutoka kwa mtoa huduma kuna safari ya tatu hadi kwenye tovuti unayoitaka. Kufika bandarini Malindi, Unguja, si kufika Dar es Salaam. Kompyuta inapokuambia kwamba imeunganishwa lakini hakuna intaneti, inakuambia kwamba imefika bandarini, na swali letu ni nini kinachoizuia kuendelea na safari.

Sasa nianze na ushahidi ambao kila mtu huuamini, yaani simu. Simu nyingi za siku hizi, zikiona kuwa Wi-Fi haina intaneti, huhamia zenyewe kwenye data ya laini bila ya kumwambia mwenyewe. Mtoto anaendelea kutazama video, mzazi anaamini Wi-Fi ni nzima, kumbe kinacholiwa ni kifurushi. Nayasema haya kwa uzito kwa sababu mimi mwenyewe, miaka ya nyuma, nilikaa siku nzima katika nyumba moja Chake Chake nikiifuta kompyuta ya watu na kuipakia upya Windows, kwa kuwa nilikubali bila ya kupima kwamba "simu zinapata". Jioni ndipo nilipozima data ya simu na kugundua kwamba nyumba nzima haikuwa na intaneti. Basi tatizo litakapojitokeza tena, zima data ya laini katika simu moja, iache na Wi-Fi peke yake, kisha ifungue ukurasa ambao hujaufungua siku hiyo. Ukikataa kufunguka, kompyuta yako haina kosa, na tatizo liko kwenye ruta au kwa mtoa huduma.

Ikiwa simu hiyo imefungua ukurasa, hapo ndipo tunapoigeukia kompyuta, lakini kwanza tuhakikishe kwamba si kuta za nyumba zinazoyazuia mawimbi. Ichukue pamoja na chaja yake, uteremke nayo ukumbini, uiweke mita mbili kutoka kwenye ruta. Wakati huohuo ipandishe simu, data ikiwa imezimwa, hadi kwenye chumba chako cha juu. Kubadilishana pahala huku ni dakika tano tu na hakugharimu senti, na mimi nalithamini jaribio hili kuliko programu yoyote ya uchunguzi. Kompyuta ikipata chini na simu ikikwama juu, mkosaji ni ukuta. Kompyuta ikikwama hata ikiwa karibu na ruta, basi tuifungue tuone ndani.

Kwa kompyuta inayotumia Windows, andika "cmd" katika sehemu ya kutafutia, fungua kidirisha cheusi kitakachotokea, kisha andika "ipconfig" na ubonyeze kitufe cha kuingiza. Tafuta mstari wa anwani ya IPv4, yaani namba inayoitambulisha kompyuta katika mtandao wa nyumba, chini ya jina la adapta ya Wi-Fi. Katika nyumba nyingi anwani hiyo huanza na 192.168. Ukiona inaanza na 169.254, maana yake ni kwamba kompyuta iliomba anwani kwa ruta, haikujibiwa, ikajipa anwani yake yenyewe ambayo haiwezi kuitoa nje ya nyumba. Hali hii inaweza kutokea ukiiwasha kompyuta mara tu umeme unaporudi, kabla ya ruta kumaliza kuamka. Dawa yake ni kuzima Wi-Fi ya kompyuta na kuiwasha tena ruta ikishatulia, au kuandika "ipconfig /release" na baada yake "ipconfig /renew". Na kuanzia leo, umeme ukirudi, iache ruta dakika tatu au nne kabla ya kuigusa kompyuta.

Kuna sababu nyengine inayolingana sana na maelezo yako, nayo ni anwani ya kudumu. Jikumbushe kama katika wiki hizi kuna mtu aliyeigusa mipangilio ya kompyuta na kuiandikia anwani kwa mkono. Ruta nyingi zikizimika husahau orodha ya anwani zilizokwishagawiwa, na zikiwaka huanza kuzigawa upya, kwa hiyo simu ya mtoto ikiwahi kupewa anwani ileile iliyoandikwa kwenye kompyuta yako, vifaa viwili vinagombania namba moja na kimoja huanguka. Kwa uzoefu wangu hapa ndipo ningeanza kushuku, kwa sababu tatizo lako linafuatana na umeme kurudi na halitokei ovyo. Ingia katika mipangilio ya mtandao wa Wi-Fi, utazame namna anwani inavyopatikana, na uhakikishe imewekwa ipatikane kwa njia ya moja kwa moja kutoka kwenye ruta.

Anwani ikiwa sawa na bado hakuna intaneti, rudi kwenye kidirisha kilekile. Andika neno "ping", ambalo ni amri ya kukiita kifaa uone kama kitajibu, nafasi moja, kisha anwani ya ruta, ambayo utaikuta katika matokeo ya "ipconfig" kwenye mstari wa lango ("Default Gateway"); aghalabu ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ruta ikijibu, andika "ping 8.8.8.8", ambayo ni anwani ya huduma ya Google ya kugeuza majina ya tovuti kuwa namba, na hujibu karibu wakati wote. Ruta ikijibu na 8.8.8.8 isijibu, ilhali simu inapata kwa Wi-Fi hiyohiyo, kagua kama kompyuta ina programu ya VPN (inayoipitisha intaneti kwenye njia ya faragha) au ya kuzuia virusi iliyokwama, uizime kwa muda, upime tena. Zote mbili zikijibu lakini kurasa hazifunguki, basi njia ni nzima na kilichoharibika ni utafutaji wa majina: kompyuta haijui jina la tovuti linaelekea kwenye namba gani. Hapo andika "ipconfig /flushdns", amri inayofuta majina ambayo kompyuta imeyahifadhi, na isiposaidia, iandikie kompyuta 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kuwa seva yake ya majina.

Kwa kuwa kompyuta yako ni ya zamani na huzimika ghafla, tazama pia saa na tarehe. Ndani yake kuna betri nyengine ndogo ya duara inayoshikilia saa wakati umeme haupo, na ikichoka, kila umeme ukikatika tarehe hurudi miaka nyuma. Tovuti zinazotumia usimbaji, yaani zinazoficha data isisomwe njiani, hukataa kufunguka kwa kompyuta ambayo tarehe yake haiaminiki, ingawa Windows inaweza kuonesha kwamba intaneti ipo. Dalili yake ni maonyo ya usalama katika kila ukurasa. Betri hiyo ni ya bei nafuu, na kuibadilisha ni kazi ndogo kwa fundi.

Nirudi kwenye ukuta, maana hata kama sio chanzo cha tatizo la sasa, utakusumbua. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, na nyingi unene wake unafika nusu mita au zaidi, tena hufyonza unyevu, na maji huyala mawimbi ya redio. Kuiweka ruta ndani ya daka ni kuizungushia jiwe pande tano na kuiachia mlango mmoja. Itoe humo, uiweke juu ya kabati mahali inapouona mlango unaoelekea ngazini, kwa sababu katika nyumba hizi mawimbi hupanda kwa ngazi na uwazi wa ua kuliko yanavyopenya kuta. Ikiwa ruta yako inatoa mitandao miwili, chumba cha juu kitumie ule wa gigahezi 2.4, kwani wa gigahezi 5 una kasi zaidi lakini hufa haraka mbele ya ukuta. Na kwa vile majirani wamebanana, chaneli ya 2.4 iwe 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani. Chagua isiyotumiwa sana mtaani kwako.

Kuhamisha ruta kusipotosha, sipendekezi kifaa cha kurudufu mawimbi cha bei rahisi, kwa sababu kingi cha aina hiyo hupokea na kutuma kwa redio moja na hivyo hupunguza kasi kama nusu. Ni bora kupitisha kebo ya mtandao pembeni mwa ngazi, ambayo inaweza kufika mita 100 bila ya matatizo, na kuweka ruta ya pili huko juu itoe Wi-Fi tu. Ukifikiria kutoboa ukuta wa nyumba ya kale, pata kwanza ushauri wa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe.

Ombi langu la mwisho ni kuhusu kile kitundu kidogo nyuma ya ruta. Kuizima ruta, kusubiri sekunde 30 na kuiwasha hakuna madhara. Kuchoma sindano kwenye kitundu hicho ni jambo jengine kabisa: hufuta mipangilio yote, pamoja na jina na nenosiri ambavyo mtoa huduma alikuwekea, na nyumba nzima itabaki bila ya intaneti mpaka virudishwe. Usiruhusu fundi afanye hivyo kabla ya kupata taarifa hizo kwa maandishi.

Umeme utakapokatika na kurudi tena, fanya jaribio la simu, lile la kubadilishana pahala, kisha niandikie mambo matatu: anwani ya IPv4 uliyoiona, kama ruta ilijibu, na kama 8.8.8.8 ilijibu. Kwa majibu hayo nitaweza kukuambia ni fundi yupi kati ya wawili hao aliyekaribia ukweli, au kama hapana hata mmoja.