Jua la Aprili lisikudanganye: vyungu, miche na udongo wa huku kwenye baridi

Kila mwaka ikifika Aprili hapa Minnesota, Marekani, kuna siku moja inatokea joto linapanda ghafla hadi digrii 70 za Fahrenheit, yaani 21 hivi za Selsiasi, watu wanatoa kaptura, na kwenye grupu za WhatsApp za Wakenya wa huku picha zinaanza kumiminika, miche ya sukuma imepangwa kwa ngazi, pilipili ziko nje, mtu ametoa hadi mndimu aliokaa nao sebuleni winta yote. Ushauri wangu ni mfupi: rudisha miche ndani, na wewe mwenyewe toka kwa hilo shamba. Hiyo ya pili ndiyo watu hawanisikii. Mche ukiuliwa na baridi utanunua mwingine Jumamosi sokoni kwa dola chache, lakini udongo ukiukanyaga ukiwa majimaji shida yake utakuwa nayo hadi Septemba.

Tuanze na vyungu kwa sababu najua hicho ndicho kimekuleta hapa.

Mchana usikuambie kitu, angalia usiku. Mimea yetu karibu yote haijui baridi, pilipili, nyanya, terere (mchicha), managu (mnavu), kunde, rehani, mchaichai, hiyo yote inataka usiku usioshuka chini ya digrii 50, ambayo ni 10 za Selsiasi. Ikishuka chini ya hapo si lazima ife, inakaa tu. Inaduwaa, majani yanakuwa ya njano au zambarau, na wiki tatu baadaye mche wa jirani uliotoka ukiwa umechelewa unaupita wako. Sukuma ndiyo ngumu, ikishazoeshwa nje inavumilia hata frosti ndogo, yaani umande ulioganda, kwa hiyo hiyo unaweza kuitanguliza. Hapa Minneapolis na viunga vyake wengi wanahesabu katikati ya Mei ndipo hatari inaanza kuisha, na kuna wazee wa huku ambao hawatoi nyanya kabla ya Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya Mei, uwaambie nini. Nilikuwa nawaona waoga. Halafu watu wakumbuke Aprili 2018, katikati ya mwezi tulimwagiwa theluji zaidi ya inchi 14 kwa wikendi moja.

Na usiku wa hatari si ule wenye mawingu na upepo. Ni ule mzuri kabisa, anga safi, nyota zinaonekana zote, hakuna jani linalotikisika. Joto la ardhi linapanda moja kwa moja juu hakuna wingu la kulizuia, na asubuhi unakuta nyasi ni nyeupe wakati simu ilikuwa imekuambia digrii 36 za Fahrenheit, 2 hivi za Selsiasi. Usiku wa namna hiyo sogeza vyungu ukutani karibu na nyumba, funika na shuka kuukuu lishuke hadi chini, na usitumie nailoni ikigusa majani kwa sababu pale inapogusa ndipo pataungua. Jua likitoka toa shuka.

Sasa hata usiku ukishakuwa sawa huwezi kutoa mche dirishani ukauweka juani siku hiyo hiyo. Kioo cha dirisha kinachuja jua, na ndani hakuna upepo, kwa hiyo majani yaliyokulia ndani ni membamba na laini. Ukiyatoa saa sita mchana, kesho yake jani la juu lina mabaka meupe, halafu yanakauka, na ukiligusa linakwaruza na kuvunjika. Watu wanadhani ni ugonjwa wanakimbilia dawa. Ni jua tu. Siku ya kwanza weka kivulini saa moja au mbili, upande usio na upepo, rudisha ndani. Ongeza kidogo kidogo, kwanza jua la asubuhi, la mchana baadaye, na baada ya siku saba hadi kumi na nne hivi utaona shina limekuwa nene na majani yamekaza, hapo lala nje nao hata ukitaka. Kama unafanya kazi shifti ya usiku kama wengi wetu wa kwenye nyumba za wazee, hiyo toa-rudisha inachosha, basi tafuta chini ya mti au nyuma ya gereji mahali penye kivuli siku nzima uviache hapo, ni bora kuliko jua kamili.

Vyungu vikubwa, mndimu na hivyo, usivimwagilie siku ya kuvihamisha. Udongo mkavu ni mwepesi, mgongo ni wako. Ukifika nje viinue juu ya matofali mawili matatu tundu la chini lipumue, na ukiona juu ya udongo kuna ukoko mweupe hiyo ni chumvi ya mbolea ya winta nzima, mwagilia maji mengi yapite hadi yatoke chini, ngoja kidogo, rudia. Tena tafadhali usijaze chungu kwa udongo wa shambani eti ni wa bure, ndani ya chungu unashikana, maji yanatuama na mizizi inaoza. Nunua mfuko wa udongo wa vyungu.

Haya, shamba.

Theluji ikiyeyuka udongo wa chini unaweza kuwa bado umeganda, kwa hiyo maji hayana pa kwenda, yanakaa hapo juu. Unaona uso umekauka kidogo unadhani tayari, unaingia na buti na jembe. Udongo mzuri una vijinafasi ndani yake, vya hewa na vya maji, na mizizi inapita humo humo. Ukiukanyaga ukiwa umelowa unavifunga vyote, na udongo wa mfinyanzi ukikauka baada ya hapo unakuwa tofali. Hautarekebika kwa kulima tena, ukilima tena ukiwa mbichi unazidisha, unatoa mabonge ambayo utapigana nayo sama yote, msimu mzima wa joto. Kwetu nyumbani mvua ya masika ikinyesha watu wanaingia shambani kesho yake, na sehemu nyingi udongo mwekundu unavumilia, ndiyo maana tunakuja huku na haraka ile ile.

Kipimo chake hakina gharama. Chimba chini kidogo, inchi tatu nne, chukua ngumi ya udongo ufinye, halafu ubonyeze na kidole gumba. Ukivunjika vunjika, ingia kazini. Ukibaki donge kama la ugali na alama ya kidole imekaa, rudi ndani unywe chai. Na hata ukiwa tayari usikanyage pale panapopandwa, tengeneza vijia vya kupitia na hivyo vijia visibadilike mwaka hadi mwaka, kama lazima uingie katikati laza ubao usimame juu yake.

Kitu cha pili, udongo usikae uchi. Mvua za Mei za huku zinapiga, tone likigonga udongo mtupu linarusha matope kwenye majani ya nyanya na magonjwa yanapandia hapo hapo, na juu panajifunga ukoko. Majani makavu ya msimu uliopita ndiyo dawa, majirani wanayaweka kwenye mifuko pembeni mwa barabara ichukuliwe, mimi huomba tu. Ila kuna utaratibu: springi mapema yasogeze pembeni jua lipashe udongo, maana ukiacha yamefunika udongo unabaki baridi na terere haitaota. Miche ikishashika na udongo umepata joto, rudisha, inchi mbili tatu, yasiguse shina. Ukinunua nyasi kavu uliza kama ni mabua ya ngano au ya oti, si ile ya kulisha ng'ombe, ile ina mbegu za kila aina na utapalilia mpaka useme basi. Nyasi zilizokatwa kwenye uwanja uliopigwa dawa ya magugu usiguse kabisa, hata kama ni bure, hata kama ni za landilodi.

Wenye nyumba za zamani mjini, kabla hamjapanda chochote pimeni udongo. Rangi za nyumba za Marekani zilikuwa na madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, mpaka zilipopigwa marufuku 1978, na zile zilizobanduka miaka hiyo yote ziko hapo hapo chini ya ukuta, mahali ambapo kila mtu anataka kuweka sukuma kwa sababu kuna jua. Chuo Kikuu cha Minnesota kina maabara ya udongo, unapeleka sampuli, unaomba wapime na risasi pia, majibu yanarudi kwa barua pepe. Yakiwa mabaya tengeneza kasha la mbao, jaza udongo mpya, na pale pengine tandaza vipande vya mbao watoto wasicheze kwenye vumbi.

Sungura nitasema sentensi moja tu: bila waya sukuma yako ni yao.

La mwisho ni hili la kugawana miche, ambalo tunalipenda, baada ya ibada mtu anafungua buti ya gari ana miche ya chinsaga (mgagani) na managu ya kila mtu. Kuna minyoo ya kigeni huku wanaiita minyoo ya kuruka, ukiigusa inajirusha rusha na kujikunja, inakaa juu juu na kumaliza majani yote yaliyooza hadi udongo unabaki punje punje za kahawa iliyosagwa, hauhifadhi maji wala haushiki mizizi. Yenyewe inakufa winta lakini mayai yanabaki, na ni madogo hutayaona. Inasafiri ndani ya vyungu, mboji na mifuko ya udongo. Kwa hiyo ukipewa mche, hata na mama mchungaji, shukuru, halafu ukifika nyumbani utoe kwenye udongo wake, suuza mizizi vizuri ndani ya ndoo, panda kwenye udongo mpya wa mfuko. Yale maji ya ndoo usiyamwage shambani. Na ule udongo ulioutoa, funga kwenye plastiki uende na takataka.