Dokta wa kike au wa kiume, wa kwenu au mgeni? Sema mapema

Jamani kuna watu wanaona aibu kusema pale mapokezi kwamba wanataka dokta wa kike, utasikia "mi yeyote tu", alafu akiingia ndani shida iko chini anasema tumbo linauma, anatoka na dawa za tumbo. Kama ni mambo ya uzazi, matiti au tezi dume, sema ukiwa unachukua miadi, usingoje ushavua nguo. Akikosekana wa jinsia yako omba nesi awepo wakati unapimwa, ni kitu cha kawaida tu na dokta mwenye adabu zake hanuni.

Mi kipimo cha mlango wa kizazi nilikikwepa sana mpaka nikampata dada mmoja, akanionyesha kwanza kile kidude cha kupimia, akaniambia nikisema basi anaacha. Ila nimekutana pia na mwanamke mwenzangu anayenihoji huku macho yake yapo kwenye kompyuta, nikilalamika maumivu ananiambia mbona wenzio wanavumilia. Kwahiyo mwanamke peke yake haitoshi.

Haya, asili sasa, yani kutaka dokta wa kwenu. Wengine wanaita ubaguzi, mi sioni hivyo moja kwa moja. Kule Oakland, California watafiti waliwapangia wanaume weusi madokta kwa bahati nasibu, wengine weusi wengine sio, utafiti ukachapishwa 2019. Walipoonyeshwa picha tu ya dokta hakukuwa na tofauti, ila wakishakaa nae wakaongea, waliopata mweusi walikubali zaidi kupimwa sukari na lehemu (mafuta kwenye damu). Na nchi yenyewe ndo ile ambayo serikali yake, kule Tuskegee, iliwaangalia wanaume weusi wenye kaswende bila kuwatibu toka 1932 mpaka 1972, sa mtu akiwa na wasiwasi utamlaumu?

Lakini dokta wa kwenu nae ana mtihani wake, yani unakuta anamjua shangazi yako. Mi mambo ya msongo wa mawazo nilienda kwa mgeni kabisa, nikamwaga yote, huyo hatukutani msibani. Kwa dharura lakini, kifua kimebana au damu inatoka, usianze kuchagua.

Na kama tatizo ni lugha, ulizia mkalimani wa hospitali, usimbebe mwanao. Mtoto wa shule ya msingi umwambie amweleze dokta mamaake anatokwa uchafu? Atasema "mama anaumwa" basi.