Barua kwa mwanangu: nyumba inayodaiwa kuliko bei yake

Mwanangu,

Umeniuliza kuhusu ile nyumba ya Forest, hapo Mbeya: mwenyewe anadaiwa na benki milioni 95, dalali anasema itatoka kwa milioni 70. Je, hiyo milioni 25 itakuangukia wewe?

Haikuangukii, ila rehani inaweza kukuangukia. Deni ni la aliyekopa. Rehani iko juu ya nyumba na inahama nayo mpaka ifutwe kwa Msajili wa Hati. Kwa hiyo bei mliyopatana na mwenye nyumba bado si bei. Mwenye neno ni benki.

Kwa nini benki ikubali hasara? Tuseme mthamini ameandika thamani ya soko milioni 78, na ya mauzo ya haraka milioni 58. Ili ifike mnadani, benki itoe notisi ya siku 60, imlipe dalali wa mnada, itangaze siku 14, na mkopaji akikimbilia mahakamani kuomba zuio mambo yalale. Tena Sheria ya Ardhi inasema benki ikiuza chini ya bei ya soko kwa 25% au zaidi, inahesabiwa kuwa imekiuka wajibu wake hadi ithibitishe vinginevyo. Milioni 70 taslimu, bila kesi, inavutia. Ukipeleka ofa ya milioni 50, usishangae wakikaa kimya.

Anza na upekuzi rasmi kwa Msajili, kabla hujatoa hata shilingi. Angalia jina lililo kwenye hati, rehani ziko ngapi, na kama kuna zuio. Rehani ya pili ndiyo inayoharibu mauzo ya namna hii: benki ya kwanza inachukua zote 70, wa pili hapati kitu, naye hana sababu ya kusaini.

Kisha mwenye nyumba aiandikie benki kuomba ridhaa, aambatanishe ofa yako na ripoti ya mthamini aliyesajiliwa. Jibu la maneno la afisa mikopo usilihesabu. Barua itaje kiasi wanachopokea, mwisho wa kulipa, akaunti ya mkopo ya kuingizia, na ahadi ya kufuta rehani na kuachia hati. Tarehe ni muhimu kwa sababu riba inaendelea kukua, na ridhaa ikiisha muda mnaanza upya. Itaje pia kama ile 25 imesamehewa au itabaki kudaiwa. Uliyosoma ya California, kwamba tangu 2011 benki ikisharidhia haimfuati tena aliyeuza nyumba yake ya kuishi, ni sheria ya huko. Hapa kwetu ni mapatano, na lisiloandikwa halipo. Hilo linamhusu zaidi muuzaji, lakini muuzaji anayegundua katikati ya safari kuwa bado anadaiwa hujitoa.

Na hapo ndipo penye mtego. Muuzaji haondoki na kitu, basi atakuomba milioni mbili tatu pembeni. Kataa. Benki imeambiwa bei ni 70. Ikijua mmeificha bei nyingine, inafuta ridhaa na wewe umo kwenye udanganyifu.

Kodi nayo: kama kuna faida juu ya gharama aliyonunulia, kuna kodi ya ongezeko la mtaji, na uhamisho haupiti bila Mamlaka ya Mapato (TRA). Atalipa nani wakati hana hela? Mmalizane kabla ya kusaini, pamoja na malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi. Ushuru wa stempu, 1%, ujiandae kuulipa wewe.

Ridhaa ya mwenza wake iwepo, kwa saini, hata kama dalali anasema walishaachana. Wakili awe wako, si wa benki wala wa muuzaji. Hela yote iingie akaunti ya mkopo, na risiti ubaki nayo. Kama lazima utoe chochote mapema, kikae kwa wakili kwa sharti la kurudi benki ikikataa.

Nitumie nakala ya upekuzi ukishaipata. Wasalimie watoto.

Mama yako,
Iringa