Afundishwe kupiga koo akiwa na miaka 9?

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Wakubwa humvizia njiani na kumnyang'anya hela ya kula. Mtaani kwetu kuna mwalimu wa karate anayesema hafundishi "karate ya maonyesho". Anafundisha watoto kupiga koo, kuchoma macho na kukaba, ili wajilinde kwelikweli. Baba yake ameafiki, mimi nasita. Unasemaje, mwalimu? (Mama wa watoto wawili, Tanga)

JIBU: Una haki ya kusita, mama. Nafundisha watoto karate na judo, na wa umri huo siwafundishi hata moja kati ya hayo matatu.

Hebu tazama nani atakayeumia. Kibaka mtu mzima ana kilo 70, mwanao labda 28. Ngumi ya kooni inataka urefu, uzito na shabaha. Akikosa, amemtia hasira tu. Jicho atakalolifikia ni la mtoto mwenzake wa darasa la tano aliyemnyang'anya shilingi 500. Hapo mtoto wa watu amepofuka na nyinyi mna kesi.

Kabari ndiyo inayonitisha zaidi. Ikikaa sawasawa hubana mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo, na hata mtu mzima huzimia katika sekunde kama 10. Kwenye mkeka, anayekabwa hugonga kwa kiganja na mwenzake huachia papo hapo. Nyuma ya choo cha shule hakuna anayegonga, na mtoto mwenye hasira hahesabu sekunde.

Anayedharau karate ya watoto amdharau na mzee Anko Itosu, aliyeiingiza katika shule ya msingi huko Shuri, Okinawa, Japani, mwaka 1901. Aliwapunguzia wanafunzi mbinu za hatari, baadaye akatunga kata tano (mifuatano ya mapigo na vizuizi iliyopangwa) ziitwazo Pinan, ambazo wanafunzi wengi huanza nazo mpaka leo.

Na mifupa je? Karibu na ncha za mifupa ya mtoto kuna gegedu linalourefusha mfupa, na kwa wavulana wengi haligeuki mfupa mgumu mpaka miaka 16 hadi 18. Kuvunja mbao na kupiga pushapu za ngumi kwenye saruji, hapana.

Kwangu mwezi wa kwanza ni kuanguka tu: kidevu kifuani, mkono wote upige mkeka, kiganja kisitangulie. Wazazi hulalamika kwamba wamelipa ada mtoto aje kuangushwa. Lakini huyo mtoto huanguka mara ngapi kwa mwaka, kutoka mwembeni au kwenye baiskeli, na hupigana mara ngapi?

Kisha kujinasua. Akishikwa mkono asivute tu kwa nguvu, auzungushe utokee upande wa dole gumba la aliyemshika, maana hapo anashindana na kidole kimoja badala ya vinne. Huku apige kelele, "Simjui huyu!" Akilia "Mama!" wapita njia watadhani ni mtoto mtundu anarudishwa nyumbani. Halafu mbio mpaka duka la karibu. Hilo tunalifanyia mazoezi kama kata nyingine yoyote.

Ila wengi wanaowadhuru watoto ni watu wanaowafahamu, na mtoto hawezi kumpiga mjomba ngumi. Huko silaha yake ni kusema, nanyi kumsikiliza bila kumfokea. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure.

Kwa hao wa njiani, nenda kwa mwalimu wa darasa wiki hii, na mwanao aongozane na wenzake watatu au wanne. Karate mpeleke pia, itamnyoosha mgongo, na mtoto anayetembea kichwa juu havutii sana wanyang'anyi. Lakini kabla ya kulipa, omba kutazama kipindi kizima. Mwalimu akikataa mzazi akae pembeni, ondoka na mwanao. Kukaba mimi huanza kufundisha kwenye miaka 15, kwa yule niliyekwisha kumwona anaachia mwenzake mara anapogonga.